Homa ya Ini kwa Mama Mjamzito: Somo la Kujifunza Pamoja



Jumapili moja mwaka jana, baada ya ibada, binti mmoja niliyemfundisha darasa la nne alinifuata chini ya mwembe ulio kando ya kanisa. "Shikamoo, Mwalimu," akasema. Nikaitikia, "Marahaba, mwanangu. Mbona siku hizi wakaa benchi la nyuma?" Hakunijibu. Alifungua mkoba wake akanipa kadi ya kliniki. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Katika kadi ile muuguzi alikuwa ameandika herufi HBsAg, na mbele yake neno "chanya".

Akanieleza kwa sauti ya chini. Muuguzi alimwambia kuwa ana homa ya ini, lakini foleni ilikuwa ndefu na maelezo yakawa mafupi. Aliporudi nyumbani alimwambia mumewe, mume naye akamwambia mama yake, na tangu siku ile mama mkwe alimtengea kikombe chake na sahani yake. Jirani mmoja alimwonya asije akamnyonyesha mtoto. Mwingine akamwambia kwamba huo ni UKIMWI, ila wauguzi wameuficha jina. Naye mwenyewe, kwa hofu ya kuwaambukiza wenzake kikombeni, alikuwa hajapokea Ushirika Mtakatifu kwa Jumapili saba. Wenzake walipoinuka kwenda mbele, yeye alibaki ameketi.

"Mwalimu," akasema, "wewe ulinifundisha kusoma. Nisaidie kuisoma karatasi hii."

Nimefundisha karibu miaka 40, na tangu siku zangu za chuo cha ualimu nilifundishwa kwamba mwalimu asiyelijua jibu asilibuni. Nikamwomba anipe wiki moja. Nikaenda kumwona daktari, nikauliza maswali yangu yote kama mwanafunzi, nikaandika majibu katika daftari. Binti huyu ameniruhusu niyaeleze hapa bila kumtaja jina, maana anaamini, nami naamini, kwamba katika parokia yetu hayuko peke yake.

1. Ugonjwa huu ni nini?

Ini ni kiungo kikubwa kilichoko upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Kazi zake ni nyingi: husafisha damu, hutengeneza nyongo ya kusaga mafuta ya chakula, hutunza akiba ya nguvu ya mwili, na hutengeneza vitu vinavyofanya damu igande mtu anapojikata. Kitu chochote kinacholiumiza ini na kulifanya livimbe, madaktari hukiita kwa jina moja, hepatitisi, yaani uvimbe wa ini. Sisi twauita homa ya ini.

Yafaa tutenganishe maneno mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa, huletwa na mbu. Homa ya ini yaweza kuyafanya macho yawe ya manjano, lakini hailetwi na mbu.

Tena homa ya ini inayoletwa na virusi iko ya namna tano, nazo zimepewa herufi A, B, C, D na E. Namna ya A na ya E huingia hasa kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Namna ya B, ambayo ndiyo somo letu, haipiti njia hiyo. Yenyewe hukaa katika damu na majimaji mengine ya mwili, na hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, kwa kujamiiana, kwa sindano na nyembe zilizotumiwa na mtu mwingine, na kwa damu isiyopimwa. Watu wakisikia "homa ya ini" hudhani zote ni moja, na ndiyo sababu mama mkwe wa binti yule alikimbilia kutenga vikombe.

2. Kwa nini mama hana habari?

Mtu mzima anapoambukizwa homa ya ini B, mara nyingi mwili wake hupigana na virusi na kuvishinda. Wengine huugua wiki kadhaa: mwili kuchoka, kichefuchefu, mkojo kuwa wa rangi ya chai ya rangi, macho kuwa ya manjano. Wengine hawaoni dalili yoyote. Lakini kwa baadhi ya watu virusi havitoki. Vikikaa mwilini zaidi ya miezi sita, husemwa kwamba ugonjwa umekuwa wa kudumu.

Mwenye ugonjwa wa kudumu aweza kulima, kupika, kucheza ngoma, kuimba kwaya na kubeba mimba kwa miaka 20 au 30 pasipo kuumwa chochote. Huku nyuma, kwa baadhi ya watu, ini huendelea kupata makovu kidogo kidogo mpaka linakuwa gumu, au linaota saratani. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu milioni 254 ulimwenguni walikuwa wakiishi na homa ya ini B ya kudumu, na mwaka huo huo watu milioni 1.1 walikufa kwa ajili yake, wengi kwa makovu ya ini na saratani ya ini.

Niwape mfano wa nyumbani kwangu. Kaka yangu alifariki mwaka 1997 akiwa na miaka 41. Alianza kukonda, kisha tumbo likajaa maji, na upande wa kulia pakawa na uvimbe mgumu. Ndugu walikaa kikao. Wakasema amerogwa kwa ajili ya shamba la minazi, na jina la jirani mmoja likatajwa. Jirani yule na sisi hatukusalimiana kwa miaka kumi. Hospitali ilituambia kuwa ni saratani ya ini, lakini wakati ule hatukujua kuuliza ilitoka wapi. Leo nafahamu kwamba katika nchi zetu za Afrika homa ya ini B ni chanzo kikubwa cha saratani hiyo, na kwamba watu wengi wenye ugonjwa wa kudumu waliupata wakiwa wadogo mno. Siwezi kusema kwa hakika kaka aliupata wapi, maana hakupimwa. Lakini jirani yetu nilimwendea nikamwomba radhi.

3. Kwa nini saa ya kuzaliwa ni saa ya hatari?

Hapa ndipo penye kiini cha somo, basi naomba msomaji asome polepole.

Mtoto akiwa tumboni, kwa kawaida kondo la nyuma humlinda, na ni wachache wanaoambukizwa humo. Hatari kubwa ni wakati wa kuzaliwa, mtoto anapopita katika damu na majimaji ya mama yake. Sasa tufanye hesabu kama darasani.

Kama mama ana virusi vingi katika damu na hakuna hatua yoyote iliyochukuliwa, kati ya watoto 10 waliozaliwa na akina mama wa namna hiyo, 7 hadi 9 wataambukizwa. Kama mama ana virusi vichache, wataambukizwa kati ya 1 na 4.

Na hesabu ya pili ndiyo ya kuhuzunisha zaidi. Chukua watu wazima 100 walioambukizwa: wasiofikia 5 ndio watakaobaki na ugonjwa wa kudumu. Chukua watoto 100 walioambukizwa wakati wa kuzaliwa: 90 hivi watabaki nao. Sababu ni kwamba kinga ya mtoto mchanga bado ni changa, haivitambui virusi kuwa ni adui, basi huviacha vikae. Mtoto huyo hatalia wala hatapata homa. Atanenepa, atakwenda shule, atafaulu. Naye akiwa msichana, baada ya miaka 20 aweza kuja kliniki na mimba yake, na habari ikaanza upya.

Kwa hiyo kama mama ameambukizwa, kinachobishaniwa hapa ni saa chache tu za maisha ya mtoto. Zikishikwa vizuri, mnyororo unakatika. Zikipotea, hazirudi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe ndio huu.

4. Chanjo ilipatikanaje?

Wanafunzi wangu walipenda sana kujua jambo lilianzaje, nami nadhani na wakubwa hupenda.

Katika miaka ya 1960 mtaalamu mmoja wa Marekani, Baruch Blumberg, alikuwa hatafuti ugonjwa wa ini hata kidogo. Alikuwa akikusanya damu ya watu wa mataifa mbalimbali ili ajue wanavyotofautiana. Katika damu ya mwenyeji mmoja wa asili wa Australia alikuta kitu asichokifahamu, na mwaka 1965 yeye na wenzake wakakitangaza kwa jina la antijeni ya Australia. Baadaye ikabainika kwamba kitu kile ni sehemu ya gamba la nje la kirusi cha homa ya ini B. Hiyo ndiyo HBsAg iliyoandikwa katika kadi ya binti yetu: ni alama ya gamba la kirusi, na ikionekana katika damu maana yake kirusi kimo mwilini.

Blumberg alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Chanjo ya kwanza iliruhusiwa Marekani mwaka 1981. Siku yake ya kuzaliwa, tarehe 28 Julai, ndiyo iliyowekwa kuwa Siku ya Homa ya Ini Duniani.

Kisiwa cha Taiwan, ambako ugonjwa huu ulikuwa umeenea sana, kilianza mwaka 1984 kuwachanja watoto wachanga wa akina mama wenye virusi, kisha watoto wote. Katika mji wa Taipei mwaka 1984, watoto karibu 10 katika kila 100 walikuwa na virusi. Mwaka 1999 hawakufika hata mmoja katika 100. Saratani ya ini kwa watoto wa shule wa Taiwan nayo ilipungua kwa nusu hivi katika miaka kumi ya kwanza. Huku Afrika, nchi ya Gambia ilianza kuwachanja watoto wake wachanga mwaka 1986. Basi jambo hili si la kubahatisha, limekwisha kujaribiwa na matunda yake yameonekana.

Katika Tanzania chanjo hii iliingizwa katika chanjo za watoto mwaka 2002. Mtoto huipata pamoja na chanjo za dondakoo, pepopunda na kifaduro akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Hapo tujifunze mambo mawili. Jambo la kwanza: mama aliyezaliwa kabla ya mwaka 2002 hakuipata utotoni, isipokuwa kama aliitafuta mwenyewe ukubwani. Jambo la pili: wiki sita ni muda mrefu mno kwa mtoto ambaye mama yake ana virusi. Ukiingiwa na mwizi usiku, hufungi mlango baada ya wiki sita. Ndiyo sababu tangu mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba kila mtoto apewe chanjo ya kwanza ya homa ya ini B mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, ndani ya saa 24, kisha aendelee na zile nyingine.

5. Mambo manne ya kufanya

Kwanza, kupimwa. Mama anapokwenda kliniki mara ya kwanza, damu yake hupimwa UKIMWI na kaswende. Aombe siku hiyo hiyo na kipimo cha homa ya ini B. Ni tone la damu la kidoleni tu, na jibu hupatikana kabla hajaondoka. Kama kituo chake hakina kipimo, aulize ni wapi kinapopatikana, wala asingoje mimba iwe kubwa. Baba naye aende. Mimba ni ya wawili, na damu ya baba nayo yafaa ijulikane.

Pili, dawa. Mama akionekana na virusi, hupelekwa kwa daktari aangaliwe hali ya ini lake, na ikiwezekana wingi wa virusi katika damu. Mwenye virusi vingi hupewa vidonge vya tenofoviri katika miezi ya mimba, ili siku ya kujifungua virusi viwe vichache. Mahali pasipo na kipimo cha wingi wa virusi, tangu mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba mama mwenye HBsAg chanya aweza kupewa vidonge hivyo bila kukingoja kipimo hicho. Ni daktari ndiye atakayeamua vianze lini na viishe lini. Mama asiviache mwenyewe kwa sababu tu amejisikia vizuri, maana virusi vyaweza kuamka kwa nguvu na kuliumiza ini.

Tatu, kujifungulia mahali penye mtaalamu. Mkunga aliyeelezwa mapema huvaa glovu, huepuka kumchubua mtoto, humpangusa damu vizuri, na huwa ameandaa chanjo. Kwa ajili ya ugonjwa huu peke yake mama hahitaji kupasuliwa. Aweza kujifungua kwa njia ya kawaida.

Nne, chanjo ndani ya saa 24. Si kila kituo huwa na chanjo hiyo mkononi kila siku. Kwa hiyo swali hili liulizwe mapema, mimba ikiwa ya miezi saba, si wakati wa uchungu: "Je, nikijifungua hapa mtoto wangu atapata chanjo ya homa ya ini siku ile ile? Kama hapa haipo, niende wapi?" Katika hospitali nyingine huwapo pia sindano ya pili iitwayo HBIG, ambayo ni kinga iliyokwisha kutengenezwa. Hiyo ni ghali na haipatikani kila mahali, lakini kuuliza si vibaya. Kisha mtoto aendelee na chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 bila kukosa hata moja. Baada ya kutimiza miezi tisa apimwe, ijulikane kama amesalimika.

Akina mama wanaozalia nyumbani kwa mkunga wa jadi nao tusiwasahau. Kama uchungu ulimshika mtu njiani au shambani, mtoto apelekwe kituoni siku ile ile. Tusisubiri arobaini.

6. Maneno yasiyo ya kweli

Sasa narudi kwa maswali ya binti yetu, maana ndiyo yaliyomtoa usingizi.

Je, mama amnyonyeshe mtoto? Ndiyo. Homa ya ini B haimzuii mama kunyonyesha. Kama chuchu zimechanika na zinatoa damu, atunzwe zipone, lakini asimwachishe mtoto ziwa kwa hofu. Watoto wengi zaidi wataumia kwa kukosa maziwa ya mama na kupewa uji mwepesi katika chupa chafu.

Je, huu ni UKIMWI? La. Ni virusi vingine kabisa. Uvumi huu hutokana na kwamba vidonge vya tenofoviri hutumiwa pia na wagonjwa wa UKIMWI, basi jirani akiona kopo hudhani amekwisha kujua siri. Dawa moja yaweza kutibu magonjwa mawili. Lakini na hili nalo niseme: hata kama ingekuwa ni UKIMWI, si ruhusa ya kumtenga mtu.

Je, atengewe kikombe na sahani? La. Homa ya ini B haienezwi kwa kula sahani moja, wala kunywa kikombe kimoja, wala kushikana mikono, kukumbatiana, kukohoa, au kubeba mtoto. Mama huyu aweza kupika nasi tukala. Na kwa sababu hiyo hiyo hana sababu ya kukaa mbali na kikombe cha Ushirika Mtakatifu. Nilimwuliza daktari jambo hili waziwazi, na nilimweleza Kasisi wetu, naye akaniambia niliandike bila kuficha.

Je, mume amfukuze? Swali hili halikuulizwa na binti yetu, lakini nimelisikia kwingine. Mwanamke aweza kuwa amezaliwa na virusi hivi, akaishi navyo tangu siku yake ya kwanza duniani. Kipimo hakisemi alivipata lini wala kwa nani. Tena katika nyumba nyingi mwanamke ndiye wa kwanza kupimwa kwa sababu tu yeye ndiye aendaye kliniki. Anayepimwa kwanza si lazima awe ndiye aliyeleta.

7. Mambo ya kufanya nyumbani

Kutotenga vikombe si kusema tusijihadhari. Tujihadhari na damu. Kirusi hiki ni kigumu: katika damu iliyokauka juu ya wembe au meza chaweza kubaki hai siku saba au zaidi.

Kila mtu awe na wembe wake na mswaki wake. Vijana wanaonyolewa kinyozi wahakikishe mashine imesafishwa kwa dawa na wembe ni mpya. Wanaotoboa masikio, wanaochanja chale na wanaotahiri watumie chombo kipya kwa kila mtu. Jeraha lifunikwe. Damu ikimwagika sakafuni, ipanguswe kwa kitambaa chenye dawa ya kuulia vijidudu ya klorini, na anayepangusa avae glovu au mfuko wa plastiki mkononi.

Mume na watoto wakubwa wa nyumba ile wapimwe. Wasio na virusi wachanjwe. Mtu mzima huchanjwa mara tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita. Mpaka mume amalize chanjo, yeye na mkewe watumie kinga.

Mwenye ugonjwa aache pombe, maana pombe huliumiza ini lililokwisha kuumia. Aepuke mizizi na majani ya kuchemsha yanayouzwa kuwa ni dawa ya ini, maana nyingine huliumiza ini lenyewe. Tena wote tuangalie mahindi na karanga zetu. Nafaka iliyoota ukungu huwa na sumu iitwayo aflatoksini, na mwenye homa ya ini B akila sumu hiyo mara kwa mara hatari ya saratani ya ini huzidi. Mahindi yakaushwe vizuri kabla ya kutiwa ghalani, na yenye ukungu yasisagwe, wala yasipewe kuku.

Mwisho, aende kupimwa ini kila daktari atakapomwambia, hata baada ya kujifungua. Wengi huja kwa ajili ya mtoto, mtoto akizaliwa mama hujisahau.

8. Ilikuwaje kwa binti yetu?

Baada ya wiki ile nilikwenda nyumbani kwao na daftari langu. Niliomba tukae wote: yeye, mumewe, na mama mkwe. Nilisoma nilichoandika, pole pole. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Basi mimi nami nipimwe?" Nikamwambia, "Naam, dada yangu, hata mimi nimepimwa juzi." Kweli nilikuwa nimepimwa. Nilizaa watoto watatu, wa mwisho mwaka 1991, na katika mimba zote tatu sikuwahi kupimwa homa ya ini. Nilikuwa na bahati tu.

Mama mkwe akainuka akaleta chai. Vikombe vilikuwa vya namna moja.

Binti alianza vidonge. Mume alipimwa akaonekana hana virusi, akaanza chanjo. Kituo cha karibu kilisema chanjo ya siku ya kuzaliwa haipo, basi walipanga mapema kwenda kukaa kwa shangazi karibu na hospitali, wiki mbili kabla ya siku iliyotazamiwa. Mtoto alizaliwa alfajiri, na kabla ya adhuhuri alikuwa amechanjwa. Sasa kadi yake ina alama nne za chanjo. Mwezi ujao anatimiza miezi tisa, naye atapelekwa kupimwa. Jibu bado hatulijui, lakini kila lililowezekana kufanywa limefanywa, na kwa wakati wake.

Mama yake siku hizi hukaa benchi la tatu.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Homa ya ini B huenea kwa njia zipi? Taja njia tatu ambazo watu hudhani huenea kwazo, nazo si za kweli.

2. Kwa nini mtoto aliyeambukizwa siku ya kuzaliwa yuko katika hatari kubwa kuliko mtu mzima aliyeambukizwa?

3. Katika kituo chetu cha afya, je, kipimo cha wajawazito kipo? Na chanjo ya siku ya kuzaliwa je? Kikundi cha akina mama kichague wawili waende kuuliza, walete jibu mkutano ujao.

4. Kama kuna mtu katika mtaa wetu ametengewa chombo au ameacha kuja kanisani kwa ajili ya ugonjwa, ni nani atakayemwendea, naye atamwambia nini?

Wanaume nao wajadili maswali haya katika kikundi chao. Wenye swali nililoshindwa kulijibu waliandike wampe katibu wa parokia, nami nitarudi kwa daktari na daftari langu.

Ni mimi mwalimu wenu mstaafu.